Nani Mbishi Katika Kikundi?



Katika mkutano mmoja tuliohudhuria, mama mmoja aliuliza risiti ya mbolea iko wapi. Mweka hazina hakujibu. Alisema tu, "Si mnamjua huyu, ni mbishi." Watu wakacheka, ajenda ikaendelea. Nasi tulikuwepo tukanyamaza, jambo ambalo bado linatusumbua. Miezi mitatu baadaye mbolea ilikuwa haijafika, na pesa hazikuonekana.

Basi tuliangalie neno hilo. Mbishi latokana na kubisha, yaani kukataa neno lililosemwa na mwenzako. Wakiwa wengi ni wabishi, na tabia yenyewe ni ubishi. (Mabaharia wa Pwani nao husema chombo kinabisha kinapokwenda kupingana na upepo.) Mbishi wa kweli hupinga hata yaliyo wazi. Ukisema mvua imenyesha, atasema ni umande. Ukimwonyesha matope, atasema ni ng'ombe waliomwaga maji. Hataki kujua, anataka kushinda. Mtu wa namna hii hakosi kijijini, na wengine tunaye nyumbani.

Lakini tusimchanganye na wengine. Mgomvi hutafuta vita hata kama hakuna neno la kubishania. Mkaidi huenda asibishe kabisa: ataitikia "ndiyo, ndiyo", halafu afanye vile alivyotaka. Na anayeuliza ili ajue, huyo ni mdadisi. Yule mama hakupinga neno la mtu, maana hakuna lililokuwa limesemwa. Aliomba karatasi.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Mpe jibu, uone. Mdadisi akionyeshwa risiti huketi. Mbishi akionyeshwa atasema mwandiko huo si wa duka lile. Kwa hiyo mwenyekiti asikubali mtu aitwe mbishi kabla hajajibiwa, hata kama swali limeulizwa kwa ukali. Katibu naye aandike swali na jibu katika kitabu cha mikutano. Kama jibu halipo, aandike hivyo hivyo kwamba halipo, na mkutano ujao lianze hilo kabla ya mengine.

Tulimtembelea mama yule baadaye. Alitukaribisha chai, akatuambia bado analipa mchango wake kila mwezi, hutuma mtoto aupeleke. Mikutanoni haendi tena. Ati amechoka kuitwa Mama Mbishi.