Gari la Dizeli Likikosa Nguvu Mlimani
Ikiwa pikapu au matatu yako ya dizeli yenye turbo imeanza kukosa nguvu mlimani, usikubali kuuziwa turbo mpya upesi. Ni ghali, na mara nyingi si yenye kasoro. Tazama moshi kwanza. Ukiwa mweusi, huenda injini inakosa hewa: filta ya hewa imejaa vumbi, au mpira unaotoka kwenye turbo umepasuka au kulegea. Mpira kama huo huvuja oili na kulia kama upepo unapokanyaga mafuta. Pasipo moshi, shuku filta ya dizeli. Moshi wa samawati ndio wa kuitilia turbo shaka. Kabla fundi hajalitengeneza, usijaribu kupita lori kwenye mwinuko. Nguvu zaweza kuisha ukiwa upande wa magari yanayokuja.