Kuweka Akiba ya Maembe na Mapera



Mtu apitaye njia za pwani mwezi wa Desemba au Januari, tangu Malindi hata Bagamoyo, hana haja ya kuuliza kama maembe yameiva. Harufu yake humpokea kabla hajaiona miembe yenyewe. Chini ya kila mti yamelala maembe, mengine yamepasuka, mengine yamekwisha kuingiwa na nzi. Watoto wamekula wakashiba, mbuzi nao wamekula wakashiba, na sokoni bei ya fungu zima haitoshi hata kumlipa mchukuzi. Miezi michache hupita, na mtoto yule yule aliyekuwa akiwatupia wenzake maembe kwa mchezo huomba embe, akaambiwa hakuna. Mali ilikuwako mlangoni, nasi tukaitazama ikioza. Mapera nayo ni hali moja, kwa kuwa huiva yote pamoja, na siku tatu baadaye hayafai.

Nia yangu leo ni kueleza namna chache za kuyatengeneza matunda haya nyumbani kwa chumvi, siki, sukari, moto na jua. Lakini kabla hatujafika jikoni nataka mjue sababu ya kila jambo, kwani mpishi aijuaye sababu aweza kuyatumia maarifa yake kwa tunda jingine. Asiyeijua hufuata vipimo tu, hata siku atakapokosa kimoja, na chupa zote zikaharibika asijue kwa nini.

Wala mtu asidhani kwamba kazi hii ni ugeni kwetu. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Moroko, alifika Mogadishu mwaka 1331. Alikaribishwa wali wa samli, na pamoja na wali akaletewa malimau na pilipili zilizotiwa siki na chumvi, na tangawizi mbichi, na maembe. Aliandika kwamba embe likiiva huwa tamu na huliwa kama matunda mengine, bali likiwa bichi huwa kali kama limau, na watu huliweka katika siki. Baadaye alishuka hata Mombasa na Kilwa. Basi achari ya embe imekuwako katika pwani hii karibu miaka 700, nami huona haya kidogo nionapo achari ya chupa iliyotoka ng'ambo ikiuzwa katika duka lililojengwa chini ya mwembe.

Sasa, kwa nini tunda huoza? Nicolas Appert, mpishi wa Ufaransa, alitoa kitabu mwaka 1810 kueleza jinsi ya kuweka chakula katika chupa zilizozibwa sana na kuchemshwa. Njia yake ilifaa, lakini yeye mwenyewe hakujua kwa nini. Ilikuwa katika miaka ya 1860 ndipo Mfaransa mwenziwe, Louis Pasteur, alipoonyesha wazi kwamba kuoza na kuchacha ni kazi ya viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vingine ni jamaa za hamira, ndivyo vigeuzavyo sukari ya tunda kuwa kileo. Vingine ni kuvu, tuonayo kama ukungu mweupe au wa kijani. Na vingine ni vijidudu vya aina nyingi. Vimo hewani, juu ya ganda la tunda, na mikononi mwetu.

Viumbe hivi vina adui zao. Moto huviua. Chumvi nyingi au sukari nyingi huvinyima maji, kwa kuwa huyavuta maji kwake, na kiumbe kisichopata maji hakiwezi kuzaana. Ukali, yaani asidi kama ile iliyomo katika siki na ndimu, huvizuia. Ukavu nao huvizuia. Kila chakula nitakachokitaja kimesimama juu ya mawili au matatu katika hayo.

Katika hayo yote, ukali ndio ninaotaka mwuangalie kuliko mengine. Kuna kijidudu kimoja ambacho mbegu zake hukaa katika udongo, nazo hazifi kwa maji yachemkayo. Kikifungiwa ndani ya chupa pasipo hewa, katika chakula kisicho na ukali, hutoa sumu ambayo aghalabu haijulikani kwa harufu wala kwa ladha, nayo hupoozesha viungo hata mtu akashindwa kupumua. Katika chakula chenye ukali wa kutosha hakiwezi kukua. Kwa sababu hiyo njia hizi ni za matunda makali tu. Usijaribu kuzitumia kwa maharagwe, maboga, samaki wala nyama. Hata papai lililoiva na ndizi mbivu hazina ukali wa kutosha zikiwa peke yake. Anayetaka kuzipika jamu na atie maji ya ndimu kwa wingi, na aimalize upesi.

Vyombo navyo vina habari yake. Tunda kali hula shaba, na shaba ile huingia katika chakula. Ndiyo maana wazee wetu walizipeleka sufuria za shaba kwa fundi kupakwa bati. Tumia sufuria ya enameli isiyobanduka, au ya chuma kisichoshika kutu, na mwiko wa mti. Chupa ziwe za kioo zenye mdomo mpana na mifuniko mizima. Zioshe kwa sabuni, kisha zichemshe ndani ya maji dakika 10. Wakazi wa nchi za juu waongeze muda, kwani huko maji huchemka kabla ya kupata moto ule wa pwani; mjini Nairobi huchemka kwa digrii 95 hivi, basi dakika 16 zitatosha. Chupa au debe lililopata kutiwa mafuta ya taa, rangi au dawa ya kuua wadudu lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara kumi.

Tuanze na achari. Twaa kilo 2 za maembe yaliyokomaa lakini nyama yake ingali ngumu na nyeupe. Yaoshe, uyafute hata yakauke kabisa, uyakate vipande pamoja na maganda yake, na kokwa uzitupe. Changanya vipande hivyo na gramu 200 za chumvi, ambazo ni karibu kikombe kimoja cha chai, na kijiko kidogo kimoja cha manjano. Funika, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta maji mengi katika bakuli, nawe hukutia hata tone. Hayo ndiyo niliyoyasema juu ya chumvi: imeyavuta maji kutoka ndani ya embe mbele ya macho yako. Mwaga maji hayo, utandaze vipande juu ya ungo, uvianike juani siku moja au mbili hata kingo zake zianze kujikunja.

Kisha chemsha vikombe 3 vya siki ya dukani pamoja na uwatu uliosagwa vijiko 2, haradali iliyosagwa vijiko 2, kichwa kimoja cha kitunguu saumu kilichopondwa, na pilipili kavu kwa kadiri ya ulimi wako. Panga vipande ndani ya chupa, umimine siki ingali moto hata ivifunike vyote. Kisiwepo kipande kinachochomoza juu, kwani kuvu huanza hapo. Iache majuma mawili kabla ya kuionja. Wenye haraka huionja siku ya pili, wakasema ni kali tu, haina ladha; nao wana haki, maana haijawa achari bado. Mbirimbi na ndimu zaweza kutengenezwa vivi hivi.

Nilipokuwa mtoto, shangazi yangu alikuwa na mtungi wa achari ambao hakuna aliyeruhusiwa kuufungua ila yeye. Sisi watoto tulimwona mchoyo. Siku moja, yeye akiwa kisimani, niliufungua, nikachovya kijiko kilichotoka katika mchuzi, nikala, nikafunika. Siku chache baadaye juu ya achari palikuwa na ukungu kama pamba, na akiba ya mwaka mzima ikamwagwa shimoni. Hakunipiga. Alinipa mtungi niusugue kwa mchanga, nami nilipokuwa nikiusugua akaniambia kwamba maji ya kijiko kimoja yametosha kuishinda chumvi ya mtungi mzima. Sikuelewa siku ile. Tangu hapo kijiko cha achari kwangu hukaa peke yake, kikavu.

Sasa mapera. Tunda hili lina bahati yake: limejaa kitu kiitwacho pektini, ambacho kikipikwa pamoja na sukari na ukali hugandisha maji ya tunda. Pektini huwa nyingi tunda likiwa ndiyo kwanza laanza kuiva, na hupungua likilegea. Kwa hiyo katika kilo 1 ya mapera, robo iwe ya yale ambayo bado yana ukijani. Yakate, utie maji kiasi cha kuyafunika, uyachemshe polepole nusu saa hata yalainike. Yamimine katika kitambaa safi cha melimeli, ukitundike juu ya bakuli usiku mmoja, wala usikikamue. Ukikikamua jeli haitakuwa na uangavu. Pima maji yaliyochuruzika. Kwa kila vikombe 4 tia vikombe 3 vya sukari na maji ya ndimu 2, upike kwa moto mkali katika sufuria kubwa, maana hufura, huku ukiliengua povu.

Ni lini itakuwa imeiva? Hapa ndipo wengi wapotewapo, nami nilipotewa mara nyingi. Weka kisahani mahali pa baridi, ukitonee tone moja la jeli, ungoje kidogo, kisha ulisukume kwa ncha ya kidole. Ngozi ya tone ikijikunja, epua mara moja. Isipojikunja, pika dakika mbili tatu ujaribu tena, nawe ukijaribu ondoa sufuria motoni, la sivyo itapita kiasi ungali ukitazama kisahani. Jeli isiyofika huingiwa na kuvu kwa kuwa maji yake ni mengi kuliko sukari iwezavyo kuyashika. Iliyopita huwa ulimbo wa kunasia ndege. Imimine ndani ya chupa zingali na moto, kwani chupa baridi itapasuka, nawe ufunike papo hapo.

Makapi yaliyosalia katika kitambaa usiyatupe. Yapitishe katika chujio ili mbegu zitoke, uyapike kwa sukari ya uzito ule ule, ukikoroga hata yaachane na sufuria kama halua. Tandaza katika sinia, yapoe, ukate vipande. Watoto hupenda hiki kuliko jeli yenyewe. Lakini sukari ni sukari. Mwenye ugonjwa wa kisukari hivi viwili si vyake, na mtoto aliyekula na asukutue kinywa.

Njia isiyohitaji sukari wala kuni ni kukausha. Twaa maembe mabivu yaliyo magumu bado, yamenye, uyakate vipande vyembamba, unene wa nusu sentimita hivi. Vichovye katika maji yaliyotiwa ndimu ili visiwe vyeusi, uvipange juu ya wavu au mkeka safi ulioinuliwa kutoka chini, na juu yake utandaze chandarua kuzuia nzi. Jua likichwa viingize ndani, maana umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya mchana mzima. Baada ya siku mbili hata nne vitapindika kama ngozi bila kunata, na ukikikata kimoja hutaona unyevu. Viweke katika chupa kavu iliyofungwa sana.

Mimi nashauri chandarua kile kiwe cha nguo nzito kidogo ya kutia kivuli, hewa ikiendelea kupita. Rangi ya manjano ya embe ni kitu ambacho mwili wa mtu hukigeuza kuwa vitamini A, na jua kali la moja kwa moja hukiharibu. Mtoto akikosa vitamini hiyo kwanza hushindwa kuona magharibi iingiapo, hujikwaa penye mwanga hafifu. Akiendelea kuikosa aweza kuwa kipofu kabisa. Miezi ya njaa ya matunda ndiyo miezi ya kumpa vipande hivyo, pamoja na mboga za majani. Vitamini C nayo hupungua sana kwa moto na kwa jua, kwa hiyo msimu ungalipo mtoto na ale embe bichi na bivu kwanza. Chupa na zijazwe kwa yale yanayobaki.

Neno moja juu ya siki, kwa kuwa ni ghali mahali pengine. Maganda ya nanasi yaliyooshwa, yakitiwa katika mtungi pamoja na maji na sukari kidogo, yakafunikwa kwa kitambaa, huchacha kwanza, na baada ya majuma kadhaa huwa siki. Siki hiyo ni njema sana kwa kachumbari inayoliwa siku ile ile. Kwa achari usiitumie, kwani ukali wake haupimiki nyumbani; nunua ile iliyoandikwa asidi 5 kwa mia, na chupa moja itakutosha kwa kilo 2 za maembe nilizozitaja.