Diwani ya Emily Dickinson na Namna ya Kuisoma

Mtu afunguapo diwani ya mshairi aliyekwisha kufa hudhani kuwa ameshika maneno ya mshairi mwenyewe, kwa mpango alioupanga mwenyewe. Kwa washairi wengi dhana hiyo haina madhara makubwa. Kwa Emily Dickinson wa Marekani ni kosa, na msomaji asiyelijua huenda akamsifu au akamlaumu mshairi kwa mambo yaliyotendwa na watu wengine.

Dickinson alizaliwa mjini Amherst, katika jimbo la Massachusetts, tarehe 10 Desemba 1830, akafa katika nyumba ile ile aliyozaliwa, tarehe 15 Mei 1886. Katika uhai wake yalichapwa mashairi yake machache tu, yapatayo kumi, wala hakuna hata moja lililotajwa jina lake. Baada ya mazishi dada yake, Lavinia, aliyakuta mengine: vijitabu 40 ambavyo mshairi alikuwa amevinakili kwa wino na kuvishona kwa uzi kwa mkono wake, na pamoja navyo karatasi nyingi zisizoshonwa. Mashairi hayo hayakuwa na majina. Alama ya kituo aliyoipenda ilikuwa kistari, kirefu au kifupi, na pengine kimeinama. Herufi kubwa zilianza maneno ambayo sarufi ya Kiingereza haidai yaanzwe hivyo.

Lavinia alimpa kwanza kazi hiyo wifi yao, Susan, rafiki wa mshairi tangu ujanani, ambaye alikuwa amepelekewa mashairi zaidi ya mia mbili katika barua. Susan alikawia. Basi Lavinia akampa Mabel Loomis Todd, mke wa mwalimu wa chuo cha mji ule, bibi ambaye hakupata kuonana na mshairi uso kwa uso. Todd na Thomas Wentworth Higginson, mwandishi ambaye Dickinson alianza kuandikiana naye barua mwaka 1862, wakatoa chapa ya kwanza mwaka 1890. Ilikuwa na mashairi 115, nayo yaligawanywa katika mafungu manne: Maisha, Mapenzi, Maumbile, na Wakati na Umilele. Mengi yalipewa majina. Vistari viliondolewa, mikato ikatiwa mahali pake, na vina vilivyoonekana vibovu vikanyoshwa. Haifai kuwalaumu mno wahariri hao. Walitaka mashairi yapokewe na watu wa zama zao, na kweli yakapokewa, maana kitabu kilichapwa tena na tena. Walakini aliyesifiwa mwaka 1890 alikuwa Dickinson aliyechanwa nywele na kuvishwa nguo za watu.

Kisha ukaja ugomvi. Kaka yake mshairi, Austin, mume wa Susan, alikuwa na mapenzi ya siri na Todd kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 1895 palizuka shauri la kipande cha ardhi, na mwaka 1898 mahakama ikampa Lavinia haki dhidi ya Todd. Todd akaifungia kastini miswada aliyokuwa nayo, na kwa miaka mingi haikufunguliwa. Kwa hiyo mashairi ya mtu mmoja yakakaa katika nyumba mbili zisizosemezana, na kila nyumba ikachapisha sehemu yake: Martha Dickinson Bianchi, binti wa Susan, kuanzia mwaka 1914, na Millicent Todd Bingham, binti wa Todd, mwaka 1945. Msomaji aliyenunua “mashairi yote” ya Dickinson kabla ya mwaka 1955 hakuwa nayo yote, wala hakuwa na njia ya kujua kilichokosekana.

Mwaka huo Thomas H. Johnson alitoa chapa ya juzuu tatu yenye mashairi 1,775, akavirudisha vistari na herufi kubwa. R. W. Franklin akaja na hesabu ya 1,789 mwaka 1998, na Cristanne Miller, mwaka 2016, akayapanga kwa kufuata vijitabu vile vilivyoshonwa. Ndiyo maana shairi moja lina namba moja kwa Johnson na nyingine kwa Franklin.

Lakini hata chapa hizo hazimalizi shida. Katika vijitabu vyake Dickinson aliweka alama ndogo ya msalaba juu ya neno, na chini ya shairi akaandika maneno mengine yanayoweza kuingia mahali pale, bila kusema lipi achague msomaji. Chapa za kusomwa na watu wote huchagua moja na kuyaacha mengine. Miller huyaweka pembeni mwa ukurasa. Aliyepata kunakili utenzi wa kale kutoka katika hati ya Kiarabu ataifahamu hali hii: hati haina mikato, alama moja hubeba i na e, nyingine u na o, na kila anayenakili huamua jambo ambalo mwandishi hakuliamua. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliyokusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, yalichapishwa na W. Hichens mwaka 1940, karibu karne nzima baada ya kufa kwake Muyaka. Yeye naye twamsoma kwa mikono ya wengine.

Juu ya mizani, msomaji wa Kiswahili hatapata taabu. Dickinson alifuata aghalabu mizani ya nyimbo za kanisani, mishororo ya silabi 8 na 6 kwa zamu, aliyoijua tangu utotoni katika nyimbo za Isaac Watts. Taabu ni vina. Mara nyingi maneno yake mawili hulingana kwa konsonanti ya mwisho tu, na irabu zikatofautiana. Mshairi wa Kiswahili angesema hilo ni guni. Lakini silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, hata kina cha -ta na -ti hakiwezi kupatana katika sikio letu; neno la Kiingereza huishia mara nyingi kwa konsonanti, na sikio lililozoea wimbo wa kanisani hungoja kina kamili pale ambapo Dickinson hutoa nusu yake. Kungoja huko ndiko anakokutumia, hasa asemapo juu ya kifo au mashaka ya imani. Kunyosha kina chake ni kumwondolea shaka.

Kwa hiyo si vema kuisoma diwani hii tangu namba ya kwanza hata ya mwisho, kama isomwavyo hadithi. Mashairi karibu 300 yamehesabiwa na Franklin kuwa ya mwaka 1863 peke yake, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na ayasomaye mfululizo atachoka kabla ya kufika mbali. Afadhali achukue kijitabu kimoja, mashairi yapatayo 20, ayasome kwa sauti akikaa kidogo penye kila kistari, kisha ajaribu lile neno la pembeni mahali pa lile lililochapwa. Tangu mwaka 2013 picha za miswada mingi zimewekwa wazi katika intaneti na Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake. Humo huonekana pia mashairi ya miaka yake ya mwisho, aliyoyaandika kwa penseli juu ya bahasha zilizokwisha kufunguliwa, mishororo ikikatwa mahali karatasi ilipokwisha.