Harufu ya Gesi Haifukizwi kwa Udi

Alhamisi moja jioni tuliletewa nyumbani jiko jipya la gesi, lenye vichwa vinne na oveni chini yake. Fundi aliyetumwa na duka aliliunganisha na mtungi wa kilo 13, akaliwasha, tukauona moto wa buluu, tukamshukuru akaenda zake. Baada ya Magharibi jikoni kukaanza kunuka. Ilikuwa harufu hafifu, kama ya kitunguu kilichooza nyuma ya kabati. Tukaambiana kwamba kitu kipya hakikosi kunuka, kitazoea. Na kwa kuwa ulikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, chetezo kilikuwa tayari sebuleni, makaa yamekolea na udi umetiwa. Mmoja wetu akakiinua akipeleke jikoni, apate kuiondoa harufu ile.

Bibi yetu alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kwa jirani. "Rudi na chetezo hicho, mwanangu!" alisema tangu mlangoni. "Kitoe nje kabisa. Humu mwanuka gesi."

Sisi tuliokuwamo ndani tangu alasiri hatukuwa tukiinusa tena sawasawa. Pua huzoea, ikikaa na harufu kwa muda huacha kuitambua, na anayetoka nje ndiye huijua kwa mara moja. Twayaeleza haya, ndugu wasomaji, kwa sababu twaamini si nyumba yetu peke yake ambamo mkono huenda kwenye chetezo kabla akili haijauliza harufu yatoka wapi.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na yenyewe haina harufu. Uvundo tunaounusa hutiwa makusudi kabla gesi haijauzwa, nao ni kiasi kidogo tu cha dawa iitwayo ethili merkaptani. Desturi hii ilitiliwa nguvu na msiba wa tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani. Gesi isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya skuli, hapana aliyeijua, cheche moja ikairipua. Walikufa watu wapatao 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo sheria zikataka gesi itiwe harufu, ili mtu aonywe mapema. Kuifunika harufu hiyo kwa udi, basi, ni kumziba mdomo mpiga mbiu, tena kwa makaa yanayowaka.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini; huteremka sakafuni, ikatambaa kama maji na kukaa pembeni, chini ya makabati na nyuma ya milango. Na sakafuni ndipo penye mikeka yetu, ndipo watambaapo watoto. Huenda anayesujudu akainusa kabla ya aliyesimama. Dirisha dogo lililo juu ya ukuta, kama yalivyo ya majiko mengi katika nyumba zetu za zamani, halitoshi kuitoa. Ni lazima milango ifunguliwe wazi ipate njia ya chini. Lita moja ya gesi iliyo maji ndani ya mtungi huwa zaidi ya lita 200 itokapo hewani, na yatosha sehemu mbili katika mia ya hewa ya chumba iwe gesi ili ikubali kuwaka.

Ukiinusa, zima kila moto ulio karibu, funga gesi pale mtungini, si kwenye jiko, kisha fungua milango na madirisha na uwatoe watu nje. Usiguse swichi yoyote, wala ya kuwasha wala ya kuzima. Hapa sisi watu wa pwani tuna mtihani wetu: joto limetufundisha kukimbilia feni kila hewa inapokuwa nzito, na cheche ya swichi ya feni yatosha. Simu nayo ipigwe ukiwa nje, mbali na mlango. Harufu ikiwa kali au haipungui, waiteni zimamoto kwa 999 au 112. Twawakumbusha hasa wanaoamka kupika daku. Saa kumi za usiku macho yangali mazito, na mkono wa kwanza huenda kwenye taa. Afadhali kusimama kidogo mlangoni mwa jiko, gizani, unuse kwanza. Mtume wetu (S.A.W.) ametuagiza tusiuache moto ukiwaka tunapolala, nasi nyumbani tumeshaifanya funga ya mtungi kuwa sehemu ya kuzima taa za usiku.

Si kila harufu ya jiko jipya ni gesi. Oveni ikiwashwa mara ya kwanza hutoa harufu ya mafuta ya kiwandani na rangi inayoungua, nayo huisha baada ya kuwashwa kitambo huku dirisha li wazi. Harufu hiyo huja jiko likiwa linawaka. Ile inayonuka jiko likiwa limezimwa haina maelezo mengine: ni gesi. Mtungi unaokaribia kwisha pia hunuka zaidi, kwa kuwa dawa ya harufu hubaki nyingi katika gesi ya mwisho; hata hivyo kagua, usikisie. Wanaonunua majiko yaliyotumika yatokayo Uingereza wajue kwamba mengi yalitengenezewa gesi ya mabomba ya huko, na matundu yake ya gesi ni mapana kuliko yafaayo kwa mitungi yetu. Yakiunganishwa hivyo hivyo hutoa moto mrefu wa manjano, masizi kwenye sufuria na hewa yenye sumu. Fundi hana budi kuyabadilisha matundu hayo kwanza.

Uvujaji wenyewe mara nyingi huwa kwenye viungo: pale regyuleta inapokaa juu ya mtungi, na kwenye ncha mbili za mpira. Kijipira cha duara kilicho mdomoni mwa mtungi hukauka na kupasuka. Chumvi ya bahari hula vibano vya chuma. Kibano kilichokuwa kinang'aa Ramadhani iliyopita waweza kukikuta kimeota kutu. Na mpira wa maji, hata uwe mpya, haufai kwa gesi, kwani gesi huulainisha na kuupasua.

Kupima ni kazi ya povu. Koroga sabuni ya kuoshea vyombo na maji, fungua mtungi huku vichwa vyote vya jiko vimefungwa, kisha pakaza povu kwenye kila kiungo na kwa urefu wa mpira. Panapovuja patatoa mapovu yanayokua. Wapo mafundi wanaopima kwa kiberiti, na hao hawafai kuruhusiwa kuingia jikoni mwa mtu.

Usiku ule chetezo kilimalizikia uani na chakula kilitoka kwa jirani. Asubuhi, nyumba ikiwa imeshapata hewa, bibi alijipakazia povu mwenyewe, akalikuta tatizo nyuma ya jiko: mpira ulikuwa umeingizwa nusu tu, na kibano hakikukazwa. Fundi aliporudi alitaka kujua ni nani aliyeugusa mpira. Bibi hakumjibu; alimpa bisibisi. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Akaanza kukusanya vifaa vyake, bibi akamwambia, "Ngoja, baba," akachovya kitambaa katika bakuli la povu na kukipitisha tena kwenye kiungo. Tukainama sote, na fundi naye, tukitazama.