Titani na Alumini Chini ya Moto: Jinsi Metali Inavyolegea Kabla ya Kuyeyuka

Katika karakana za Kariobangi Light Industries, mashariki mwa Nairobi, ambako alumini chakavu huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga, nyuzi 660 za Selsiasi ni mpaka ambao fundi huutambua kwa mazoea hata asipokuwa na kipimajoto, kwa kuwa chini yake alumini ni yabisi na juu yake ni kimiminika. Hata hivyo, metali inayobeba mzigo huanza kubadilika umbo mapema zaidi, na ni kwa kuyaelewa mabadiliko hayo ndipo wahandisi walipoweza kuiunganisha alumini hiyo hiyo na titani, ikafanya kazi mahali penye joto ambalo peke yake isingelistahimili.

Mahali hapo ni ndani ya injini ya ndege. Ndege za Dreamliner za Kenya Airways, ambazo ya kwanza iliwasili Nairobi Aprili 2014, hutumia injini za GEnx za kampuni ya General Electric, na mapanga ya safu mbili za mwisho za tabo zake, yaani sehemu inayozungushwa na gesi ya moto, ni ya aloi ambayo katika kila atomu 100 ina 48 za titani, 48 za alumini, 2 za kromu na 2 za niobi. Kipande chake chenye sentimita moja kila upande kina uzito wa takriban gramu 4, karibu nusu ya ule wa aloi za nikeli zilizotumika hapo awali.

Metali hupinda kwa sababu safu za atomu zake zina kasoro, yaani mistari ambapo mpangilio umekatika, na mistari hiyo husogea hatua kwa hatua, kama mtu anayehamisha mkeka mzito kwa kusukuma mkunjo mmoja kutoka ncha hadi ncha badala ya kuuburuta wote. Katika aloi hii tabaka la titani hufuatwa na tabaka la alumini kwa utaratibu usiobadilika, hivyo kasoro inayopita huzitenganisha atomu na majirani zao halali, jambo linalohitaji nishati nyingi. Utaratibu huo ndio asili ya uimara wake na pia ya udhaifu wake, kwani ikiwa baridi hurefuka kwa asilimia 1 au 2 tu, kisha huvunjika.

Joto linapokaribia nyuzi 700, hali hubadilika: atomu hupata nguvu ya kuhama, kasoro zilizokwama hupanda kutoka tabaka moja hadi jingine, na baadhi ya sehemu za fuwele, yaani atomu zilizopangwa kwa utaratibu, hugeuka zikawa pacha wa jirani zao, kila upande ukiwa taswira ya mwenzake. Aloi iliyokuwa ikivunjika sasa hupinda. Lakini uhamaji huo huo wa atomu huruhusu hatari nyingine, kwani panga linalovutwa kwa saa nyingi chini ya mzigo usiobadilika huweza kurefuka polepole, na kwa sababu hiyo wataalamu huitengeneza aloi iwe na tabaka nyembamba za maumbo mawili ya fuwele, ili mipaka yake izuie kasoro kusafiri mbali. Kwenye nyuzi 1,100 na zaidi, aloi huweza kufuliwa, mradi ikandamizwe taratibu, kwani chembe mpya huzaliwa ndani yake na kuchukua nafasi ya zile zilizochoka; aloi ikiharakishwa, hupasuka.

Kwa Kariobangi elimu hii ina faida ya moja kwa moja. Kwa kanuni ya jumla, kurefuka polepole huanza kuwa tatizo metali inapofikia takriban sehemu nne kwa kumi za joto lake la kuyeyukia, likipimwa kutoka sifuri kamili, yaani ubaridi wa chini kabisa unaowezekana, na kwa alumini hiyo ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi tu. Kipuri cha alumini kinachobeba mzigo kando ya injini ya gari kinaweza kupinda kikiwa mbali sana na kuyeyuka, hata kama kilimiminwa kwa ustadi.

Titani nayo si ngeni nchini: madini yake yalisafirishwa kutoka Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Yaliondoka yakiwa mchanga. Vyuo vya ufundi vinavyowafunza vijana wa Eastlands, eneo la mashariki mwa Nairobi iliko Kariobangi, kuyeyusha na kumimina viwafunze pia kile kinachotokea kati ya ubaridi na kuyeyuka, kwa kuwa huko ndiko kipuri kinakofanyia kazi maisha yake yote.