Ni Nebula au Vumbi la Lenzi?

Januari 2004, Jay McNeil, mpenzi wa nyota wa jimbo la Kentucky nchini Marekani, alikuwa akisafisha kwenye kompyuta picha za kundinyota la Jabari alizozipiga kwa darubini yenye lenzi ya inchi 3 tu. Karibu na nebula ya M78, eneo ambalo wapiga picha wa anga wamelipiga mara zisizo na idadi, liliibuka doa la mwanga ambalo halikuonekana kwenye picha za rejea. Wengine wangesema ni mwanga uliorudi ndani ya lenzi, wakalifuta na kuendelea na kazi. McNeil hakulifuta. Aliwajulisha wanaastronomia, nao wakabaini kwamba nyota changa, ambayo sasa inaitwa V1647 Orionis, ilikuwa imelipuka kwa mwanga na kuangaza wingu la vumbi linaloizunguka. Wingu hilo sasa linaitwa Nebula ya McNeil. Baadaye lilikuja kuonekana pia katika picha ya mwaka 1966. Kumbe huwaka na kufifia.

Kisa hicho kinafaa kusimuliwa kila mara mtu anapozitazama picha za nebula, zenye mawingu mekundu na ya buluu, akasema, “Hiyo si fotoshopu tu?” Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani, darubini ikiwa imeshafungwa. Lakini kiini chake si kurembesha. Ni kutenganisha kilichotoka angani na kilichotiwa na kamera, lenzi na taa za mji. Anayefuta kupita kiasi hupoteza ugunduzi, na anayeongeza kupita kiasi hudanganya.

Nebula ya Jabari, M42, ndiyo ambayo karibu kila mpiga picha wa anga huanza nayo. Iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300, na kwa macho matupu huonekana kama ukungu mdogo chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Ukiielekezea kamera ya kawaida iliyofungwa kwenye mtambo unaoifuata anga, ukaacha lenzi wazi kwa nusu dakika, utakachopata kinavunja moyo: fremu karibu nyeusi, doa la waridi katikati, anga yenye rangi ya kahawia iliyotoka mjini, na chenga kila mahali. Henry Draper, aliyeipiga nebula hii picha ya kwanza kabisa huko Marekani tarehe 30 Septemba 1880, aliacha kamera wazi kwa dakika 51 na kuambulia sehemu angavu tu. Machi 1882 alifika dakika 137, na mawingu ya pembeni yakaanza kujitokeza.

Mpiga picha wa leo hahitaji kuacha kamera wazi muda wote huo kwa mkupuo mmoja. Hupiga picha fupi nyingi, kisha programu huzipanga moja juu ya nyingine, nyota kwa nyota, na kutafuta wastani wa kila pikseli. Nebula iko palepale katika kila picha, lakini chenga hubadilika ovyo kutoka picha moja hadi nyingine, kwa hiyo katika wastani hufifia. Hapa hesabu haina huruma. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 4 huzipunguza hadi nusu, picha 100 hadi sehemu moja ya kumi. Ukitaka kuzipunguza tena kwa nusu kutoka hapo, huongezi picha 100 nyingine. Unahitaji ziwe 400. Ndiyo maana watu hawa hurudi kwenye nebula ileile usiku baada ya usiku. Faida nyingine ni kwamba satelaiti ikikatiza mbele ya lenzi na kuacha mstari mweupe katika picha moja, programu huona kwamba pikseli hizo haziafikiani na zile za picha nyingine, nayo huzitupa.

Kabla ya kupanga kuna kazi ambayo wanaoanza hupenda kuiruka, kisha wakaijutia. Kamera yenyewe ina madoa yake. Kuna pikseli zinazowaka hata gizani, hasa kamera ikipata joto. Dawa yake ni kupiga picha lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda uleule na katika joto lilelile, kisha kuzitoa katika picha za nebula. Kuna pia vumbi juu ya kihisi, ambalo huacha viduara vya kivuli, na lenzi ambayo hufifisha pembe za picha. Kwa hayo hupigwa picha za mwanga uliosambaa sawasawa. Njia ya kienyeji ni kunyoosha fulana nyeupe juu ya mdomo wa darubini na kuielekeza kwenye anga ya alfajiri, bila kugusa fokasi wala kuizungusha kamera. Picha hizi hazitolewi, bali picha za nebula hugawanywa kwazo: pikseli iliyopokea asilimia 90 ya mwanga hugawanywa kwa 0.9, ikarudishiwa haki yake. Ukigusa kamera kidogo tu katikati ya zoezi hili, viduara vya vumbi havitakaa mahali pake, na badala ya kuondoka vitakuwa viwili viwili. Hapo ndipo mtu huanza kuona “nebula” ambazo hazipo.

Baada ya kupangwa, picha bado ni nyeusi, na mgeni hudhani ameharibu kazi. Hajaharibu. Kamera nyingi hurekodi ngazi 16,384 za mwanga, na nebula yote imebanwa katika ngazi chache za chini, jirani kabisa na weusi. Skrini ya kawaida nayo huonyesha ngazi 256 tu kwa kila rangi. Kazi inayofuata ni kuvuta: kuzitandaza ngazi za chini ili jicho lizitofautishe, bila kuzisukuma zile za juu hadi zikafika kwenye weupe mtupu. Kwenye M42 mtihani huo ni mgumu, kwa sababu katikati yake kuna nyota nne changa na kali ziitwazo Trapezium, ilhali mabawa yake ya nje ni hafifu mno. Ukivuta mabawa yakaonekana, kitovu huungua. Wenye uzoefu hupiga seti ya pili ya sekunde chache chache kwa ajili ya kitovu peke yake, kisha huziunganisha kwa barakoa laini. Ukikutana na picha ya M42 ambayo katikati ni nyeupe kama tundu, jua mwenyewe aliivuta kwa pupa.

Rangi huleta ubishi kuliko kitu kingine chochote. Gesi inayong'aa zaidi katika nebula za aina hii ni haidrojeni, na mwanga wake mkuu una urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, wekundu wa kina. Kichujio kilichomo ndani ya kamera za kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo ili nyuso za watu zisitoke nyekundu, ndiyo sababu Canon ilitoa kamera maalumu za anga, 20Da mwaka 2005 na 60Da mwaka 2012, na Nikon ikafuata na D810A mwaka 2015. Oksijeni hutoa mwanga wa nanomita 500.7, kati ya kijani na buluu. Salfa iko karibu na 672, nyekundu pia, na hapo jicho haliwezi kuitofautisha na haidrojeni.

Wanaastronomia Jeff Hester na Paul Scowen walikabiliana na tatizo hilo mwaka 1995 walipopiga kwa darubini ya Hubble zile nguzo za gesi za Nebula ya Tai, M16. Waliipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni buluu, kwa mpangilio wa urefu wa mawimbi. Si rangi ambazo jicho lingeziona, lakini si uongo: kila rangi inamwambia mtazamaji ni gesi gani iko wapi. Wapiga picha wengi wa nyumbani hutumia mpangilio huo huo, na kwa kuwa haidrojeni ni nyingi mno na picha hutoka kijani tupu, huigeuza kijani kuwa dhahabu. Hiyo ya dhahabu sasa ni ladha, na hakuna ubaya mradi isemwe.

Siku hizi ubishi umehamia kwenye programu zilizofunzwa kwa mtandao wa neva. StarNet huziondoa nyota zote ili nebula ivutwe peke yake, kisha nyota zirudishwe. BlurXTerminator, iliyotoka mwishoni mwa 2022, huondoa ukungu wa hewa na kasoro za lenzi, na matokeo yake wakati mwingine hushangaza. Mbinu za kihesabu za kunoa picha si mpya. Ile ya Richardson na Lucy ni ya miaka ya 1970. Kilicho kipya ni kwamba programu iliyofunzwa inaweza kuchora nyuzi nzuri za gesi mahali ambapo data ina chenga tu. Dawa ni kulinganisha na picha ghafi, na ikibidi na picha ya mtu mwingine kabisa.

Wapenzi wa nyota Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty walilijua hilo. Katika picha walizozikusanya kwa zaidi ya saa 100 za kuacha kamera wazi, waliona tao kubwa la oksijeni kando ya Galaksi ya Andromeda, labda galaksi inayopigwa picha kuliko nyingine yoyote. Hawakulitangaza papo hapo. Tao lilithibitishwa kwanza kwa darubini nyingine, katika maeneo mengine, na ugunduzi ukachapishwa mwaka 2023.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kujaribu, M42 hupita karibu na utosi, ambako hewa ya kupenya ni nyembamba zaidi, na Januari na Februari huwa juu mapema usiku. Programu ya kupanga picha iitwayo Siril ni ya bure, na ile ya kuhariri picha, GIMP, vilevile. Hifadhi mafaili ghafi yote, hata ya usiku ulioona umeharibika, na chini ya kila picha unayoitoa andika umepiga kwa saa ngapi, kwa kichujio gani, na rangi ipi umeipa gesi ipi.