Kurusha droni ndani ya nyumba pale GPS isipoaminika: funzo la anga ya Masisi na Walikale

Anga ya Kivu Kaskazini ina tatizo ambalo macho hayalioni. Mwaka 2024, mawasiliano ya setelaiti yanayoongoza ndege yalivurugwa mara kwa mara katika sehemu za jimbo ambako jeshi la serikali, FARDC, lilikuwa likipigana na waasi wa M23. Tarehe 20 Desemba mwaka huo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoongeza muda wa Monusco kwa azimio namba 2765, lililaani uvurugaji huo kwa sababu unahatarisha ndege za kiraia na kazi ya misaada. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliinyooshea Rwanda kidole. Kigali husema hatua zake mpakani ni za kujilinda.

Kwa rubani wa ndege ya misaada anayeelekea Walikale, hiyo ni hatari ya kila safari. Kwa kijana anayepiga picha za ndoa, ibada au mkutano kwa droni ndogo, ni onyo lenye faida. Droni iliyoingia chini ya mabati ya kanisa hukutana na hali ileile: setelaiti zimepotea, na mashine inabaki kujitafutia njia yenyewe.

Kwa nini GPS hupotea

Setelaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Droni inahitaji kusikia angalau nne kwa wakati mmoja ili ijue ilipo na iko juu kiasi gani. Sauti yao ikifika ardhini huwa dhaifu mno. Bati, zege na udongo huizuia. Chombo kidogo cha kupiga kelele kwenye masafa yaleyale huifunika pia, kama mtu anayepaza redio karibu na sikio lako wakati mwenzako ananong'ona.

Kuna namna mbili za kuvuruga. Ya kwanza ni kufunika mawimbi kwa kelele, na hapo droni inajua kwamba haisikii kitu. Ya pili ni kuidanganya kwa mawimbi ya uongo, na hii ni mbaya zaidi: droni huamini iko kijiji kingine, kisha hukimbia kujisahihisha. Ndani ya nyumba udanganyifu huo ni nadra, lakini mlangoni na kwenye madirisha makubwa hutokea jambo linalofanana nao. Mawimbi huingia nusunusu, yakigonga ukuta na kurudi, na droni hupata mahali pasipo pa kweli.

Macho badala ya setelaiti

GPS ikikosekana, droni nyingi za kamera za leo hutegemea kamera ndogo iliyo tumboni. Kamera hiyo hutazama alama za sakafu na kupima jinsi zinavyosogea, ili mashine ibaki pale ulipoiacha. Kipimo cha mgandamizo wa hewa na vihisi vinavyopima umbali wa kwenda chini husaidia kushika kimo.

Njia hii imefika mbali kuliko Kongo na hata kuliko dunia. Helikopta ndogo ya NASA iitwayo Ingenuity ilianza kuruka kwenye sayari ya Mars tarehe 19 Aprili 2021. Huko hakuna GPS. Ilitazama ardhi kwa kamera na kuruka mara 72. Safari ya mwisho, Januari 2024, ilikuwa juu ya mchanga laini usio na mawe wala alama. Kamera ilikosa cha kushika, helikopta ikatua vibaya na mapanga yake yakavunjika.

Sakafu ya vigae vyeupe vinavyong'aa ni mchanga ule wa Mars. Vilevile zulia la rangi moja, sakafu iliyolowa maji, na ukumbi wenye mwanga hafifu. Watu wanaocheza chini ya droni nao huidanganya: mashine huona chini panasogea, ikadhani ni yenyewe inayosogea, ikaanza kuwafuata. Kamera ikishindwa kabisa, droni hushika kimo tu na kuelea kama mtumbwi uliokatika kamba. Hapo ni mkono wa mrushaji pekee unaoizuia isigonge ukuta.

Mtego wa kurudi yenyewe

Ajali mbaya zaidi ya ndani hutoka kwenye kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya usalama. Droni ikipoteza mawasiliano na rimoti, au betri ikikaribia kwisha, kwa kawaida hupanda hadi kimo kilichowekwa, kisha hurudi ilikoanzia. Kwenye uwanja wa mpira hilo linaokoa. Ndani ya kanisa lenye dari la mita sita, droni iliyopangiwa kupanda mita thelathini hugonga dari na kuwaangukia waumini.

Mtu anaweza kujiona salama kwa sababu ndani hakuna GPS. Lakini droni ikipita karibu na mlango, ikashika setelaiti za kutosha na kuandika "nyumbani" mahali hapo, mtego umekwisha kutegwa. Kwa hiyo, kabla ya kuingia ndani, fungua mipangilio na uchague kwamba mawasiliano yakikatika droni isimame ilipo au itue taratibu. Usiiachie kupanda.

Dira nayo ina mambo yake. Nondo ndani ya zege, spika kubwa za muziki na hata mawe meusi ya volkano, yaliyo mengi kuanzia Goma hadi Sake, yana chuma au sumaku inayoweza kuivuta. Usiisawazishe dira juu ya sakafu ya zege wala karibu na gari. Tafuta mahali pa wazi, mbali na chuma.

Kisha kuna upepo wa droni yenyewe. Hewa inayosukumwa chini hugonga ukuta na kurudi, ikaiyumbisha. Karibu sana na dari, mashine huvutwa juu. Kona ya chumba na nafasi finyu kati ya nguzo ni sehemu za kuepuka.

Kabla ya kuwasha mapanga

Mrushaji makini hufanya haya. Hufunga vizuizi vya mapanga, hata kama picha itapungua uzuri kidogo. Huweka kikomo cha kimo chini ya dari. Huchagua mwendo wa polepole kabisa. Hutembea ukumbini kwanza akitafuta nyaya za umeme, mapambo yanayoning'inia na feni. Hujaribu ukumbi ukiwa mtupu, tena kwa mwanga uleule utakaokuwepo saa ya sherehe. Humweka mtu wa pili wa kumtazamia, kwa sababu anayetazama skrini haoni mtoto anayekimbia. Wala harushi juu ya vichwa vya watu: hupita pembeni, au hupiga picha kabla wageni hawajaketi. Droni ikianza kuelea, huishusha sakafuni mara moja na hajaribu kuiokoa picha.

Shimoni na mgodini

Masisi na Walikale zinajulikana duniani kwa kilicho chini ya ardhi. Rubaya, katika teritwari ya Masisi, hutoa koltani. M23 iliuteka mji huo mwishoni mwa Aprili 2024. Bisie, Walikale, ina mgodi wa bati wa kampuni ya Alphamin, ambayo ilisimamisha kazi Machi 2025 wapiganaji walipokaribia, kisha ikaanza tena Aprili.

Mgodi wa chini ya ardhi ndio mahali ambapo droni zisizo na GPS zimepata kazi ya kweli. Kampuni ya Uswisi, Flyability, hutengeneza droni iliyo ndani ya kizimba cha duara, inayogonga mwamba bila kuanguka. Emesent ya Australia hutumia miale ya leza kuchora ramani ya handaki huku droni ikiruka. Jeshi la Marekani, kupitia shirika lake la utafiti DARPA, liliendesha mashindano ya roboti za mapangoni na mahandaki yaliyomalizika Septemba 2021. Lengo la vifaa hivi ni kwamba baada ya kulipua mwamba au baada ya kuporomoka, mashine itangulie kutazama kabla ya mtu.

Lakini tusidanganyane. Mashimo mengi yanayochimbwa kwa mkono yana upana wa mabega ya mtu, yamejaa vumbi na maji. Droni ya harusi ikiingizwa humo haitaonyesha kitu, na upepo wake unaweza kuangusha udongo uliolegea juu ya wachimbaji. Aliyefukiwa huokolewa kwa majembe na kwa watu wanaolijua shimo. Kazi ya droni ni juu, kutazama nyufa za kilima kabla mvua haijakishusha, na hiyo ni kazi ya nje inayohitaji ruhusa.

Nje ni habari nyingine

Tangu tarehe 3 Desemba 2013, Monusco iliporusha Goma droni yake ya kwanza ya uchunguzi isiyo na silaha, watu wa jimbo hili wamezoea mlio wa angani. Leo mlio huo una maana nyingine, maana pande zinazopigana hutumia droni za kivita. Mwenye droni ya kamera inayoonekana juu ya kituo cha kijeshi, kambi ya wakimbizi au kilima cha mgodi anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi, na waliosimama karibu naye wakaponzwa.

Ndiyo maana mlango wa ukumbi ni mpaka wa kuheshimiwa. Usianzie ndani ukamalizia nje ili upate picha nzuri ya maharusi wakitoka. Mlangoni GPS huingia kwa vipande, "nyumbani" huandikwa upya, na huko nje anayeitazama droni hajui kwamba wewe ni mpiga picha tu. Washa ndani, tua ndani, toa betri, kisha utoke ukiwa umeibeba mkononi.